Tikiti za walanguzi mlangoni pa kiwanja

Siku ya mpira mkubwa mji wote hubadilika. Tangu asubuhi vijana hupita njiani wakiimba, wenye maduka hutaka kufunga mapema, na akina baba wengi husahau hata kula. Karibu na kiwanja utakuta umati wa watu, wauza karanga na wauza maji, askari polisi wakitengeneza njia, na katikati yao vijana wawili watatu waendao huku na huku wakinong'ona: «Tikiti! Tikiti ipo! Dirisha limekwisha fungwa, mzee, njoo kwangu!» Hao ndio walanguzi. Wamenunua tikiti kwa bei iliyoandikwa, au wamezipata kwa njia waijuayo wenyewe, na sasa wanaziuza mara mbili, mara tatu, hata mara tano ya bei ile.

Watu wengi huona jambo hili kuwa dogo. Husema: «Mwenye fedha atoe, asiye nayo akae nyumbani asikilize radio.» Lakini jambo hili si dogo. Limekula akiba za jamaa nyingi, na mara kadhaa limesaidia kuleta vifo. Yafaa basi tulitazame kwa utulivu, siku ambayo hakuna mpira, maana siku ya mpira hakuna mtu awezaye kufikiri sawasawa.

Mlanguzi apata wapi tikiti zake?

Penye watu wengi kuliko viti, mlanguzi hakosi. Yupo London na Paris, yupo New York na Rio de Janeiro, na hata katika Afrika yetu yupo. Njia zake za kupata tikiti ni nyingi, lakini zote zaweza kutiwa katika mafungu matano.

Njia ya kwanza ni mstari wa watu. Mlanguzi huwalipa vijana wasio na kazi kitu kidogo, nao husimama dirishani tangu alfajiri. Kila mmoja hununua tikiti kadiri anazoruhusiwa, kisha humpelekea bwana wake. Hivyo mtu mmoja hujikusanyia tikiti mia, na mfanyakazi afikaye baada ya kazi hukuta dirisha limefungwa.

Njia ya pili ni mlango wa nyuma. Katika kila mpira mkubwa, wakuu wa vyama na wageni wa heshima hupewa tikiti za bure. Baadhi yao hawaendi, nao huziuza kwa siri.

Njia ya tatu ni kununua kwa wale waliopatwa na udhuru. Mtu amefiwa, au mwanawe ameugua, naye anataka kurudishiwa fedha yake. Mlanguzi humpa nusu ya bei, kisha humwuzia mwingine kwa bei maradufu.

Njia ya nne ni ya siku hizi. Tikiti nyingi huuzwa kwa kompyuta na kwa simu, na walanguzi wakubwa hutumia programu zinazonunua tikiti nyingi kwa nukta chache, kabla mtu wa kawaida hajamaliza kuandika jina lake.

Njia ya tano ni ya uongo mtupu: kuchapa tikiti za bandia. Juu yake tutasema zaidi hapo mbele.

Tena biashara hii ina desturi yake. Tikiti ni kama samaki mbichi: asubuhi ina thamani kubwa, jioni hakuna aitakaye. Saa mbili kabla ya mchezo mlanguzi hupandisha bei, maana watu wana hofu ya kukosa. Filimbi ya kwanza ikilia, bei huanza kushuka. Kipindi cha kwanza kikiisha, tikiti haifai hata kufungia karanga. Mlanguzi ajua vema habari hiyo, ndiyo maana hukuharakisha. Humwambia kila mtu kwamba ni mbili tu zilizobaki, na ya kuwa yule bwana pale anakuja kuzichukua. Haraka yako ndiyo mali yake.

Je, mlanguzi ana haki?

Wako wanaomtetea, na maneno yao yastahili kusikilizwa. Husema: «Yeye amesimama juani kutwa; je, hastahili malipo ya jasho lake? Hakuna aliyemlazimisha mnunuzi. Mfanya biashara anunuaye mahindi shambani na kuyauza mjini hupata faida, wala hatumwiti mwizi. Kwa nini tikiti iwe mbali na mahindi?»

Hoja hii ina nguvu, lakini ina upungufu. Mwenye kuleta mahindi mjini ameyachukua mahali yalipojaa akayapeleka mahali yalipopungua, amepunguza njaa. Mlanguzi wa tikiti hakuleta kiti hata kimoja kipya. Viti vya kiwanja ni vile vile, na dirisha lilikuwa pale pale, hatua hamsini kutoka mahali asimamapo. Akichukua tikiti mia, yeye mwenyewe ndiye aliyeuleta upungufu, kisha huuza dawa ya ugonjwa alioupanda. Tena faida yake haiendi kwa wachezaji, wala kwa chama, wala haitengenezi ukuta wa kiwanja uliopasuka.

Lakini liko jambo lingine zito zaidi, ambalo watetezi hao hulisahau. Tikiti ya mpira haisemi tu kwamba umelipa. Husema pia wewe ni nani na utakaa wapi. Wakuu wa kiwanja wakiuza tikiti kwa utaratibu, wajua ni watu wangapi watakaoingia kwa kila mlango, na washangiliaji wa upande huu watatengwaje na wale wa upande wa pili. Mlanguzi huvuruga hesabu hiyo yote. Na hesabu ikivurugika, gharama yake yaweza kuwa roho za watu. Wabelgiji wanalijua jambo hilo kwa machungu.

Jioni ile ya Brussels

Tarehe 29 Mei 1985, katika kiwanja cha Heysel mjini Brussels, palipangwa fainali ya Kombe la Ulaya kati ya Liverpool ya Uingereza na Juventus ya Italia. Kiwanja kilikuwa cha zamani, kilichofunguliwa mwaka 1930, na kuta zake zilikuwa zimechakaa. Wakuu wa mpira walipanga hivi: Waitalia wakae upande mmoja wa kiwanja, Waingereza upande wa pili, katika sehemu zilizoitwa X na Y. Kando ya Waingereza ilikuwako sehemu ya tatu, Z, iliyowekwa kwa ajili ya Wabelgiji wasioshangilia upande wowote. Kati ya Y na Z pakawekwa wavu mwembamba wa waya na askari wachache.

Kwenye karatasi mpango ulionekana mwema. Lakini tangu mwaka 1946 Waitalia wengi walikuwa wamehamia Ubelgiji kufanya kazi katika machimbo ya makaa ya mawe, na jamaa zao zilikuwa zimekaa huko. Tikiti za sehemu Z zilipotolewa kuuzwa mjini, zilinunuliwa na Waitalia hao. Nyingine zikapita mikononi mwa mawakala na walanguzi, zikawafikia Waitalia waliotoka kwao kuja kutazama. Jioni ilipofika, mahali pa Wabelgiji watulivu pakawa pamejaa wapenzi wa Juventus, bega kwa bega na wapenzi wa Liverpool.

Kiasi cha saa moja kabla ya mchezo, wahuni miongoni mwa Waingereza waliuangusha wavu, wakawarukia. Waitalia wakakimbilia upande wa pili wa sehemu yao, wakasongamana ukutani. Wengi walikandamizwa na kukanyagwa, na ukuta nao ukaanguka. Walikufa watu 39, na mamia wakajeruhiwa. Thelathini na wawili wa waliokufa walikuwa Waitalia, wanne Wabelgiji, wawili Wafaransa, na mmoja mtu wa Ireland ya Kaskazini. Miongoni mwao alikuwako mtoto wa miaka 11, aliyekufa pamoja na baba yake. Walikuwa wamekuja kutazama mpira, mzee na mwanawe, kama wafanyavyo akina baba wengi kwetu siku ya Jumapili.

Tusiseme uongo: aliyewaua watu hao si mlanguzi. Wenye hatia ya kwanza ni wale waliowarukia wenzao, na mwaka 1989 mahakama ya Ubelgiji iliwahukumu kifungo washangiliaji 14 wa Liverpool. Lakini mahakama ile ile ilimwona pia katibu wa shirikisho la mpira la Ubelgiji kuwa na hatia ya uzembe. Maana wote walitambua ya kuwa kama tikiti za sehemu Z zingaliuzwa kwa uangalifu, adui wawili wasingalisimama kando kando kwa kutengwa na waya tu.

Kiwanja cha Heysel kilijengwa upya, na mwaka 1995 kikapewa jina la mfalme Baudouin. Jina hilo hilo wazee wetu wanalikumbuka, maana kiwanja cha Léopoldville kilichofunguliwa mwaka 1952 kiliitwa vile vile. Leo kinaitwa Tata Raphaël, kwa ukumbusho wa Padri Raphaël de la Kethulle, aliyehangaikia michezo ya vijana wa mji ule mpaka kufa kwake mwaka 1956.

Sheria zilizofuata

Uingereza ilipatwa na msiba mwingine tarehe 15 Aprili 1989, katika kiwanja cha Hillsborough mjini Sheffield. Waliokufa kwa msongamano huo wamehesabiwa kuwa 97. Walanguzi hawakuwa sababu yake, wala washangiliaji. Mwaka 2016 baraza la uchunguzi lilitamka wazi kwamba washangiliaji hawakuwa na hatia. Lakini hakimu Taylor, aliyepewa kazi ya kuchunguza usalama wa viwanja vyote, aliandika mwaka 1990 kwamba uuzaji wa tikiti bila idhini siku ya mchezo ufanywe kosa.

Mwaka 1994 jambo hilo likawa sheria katika Uingereza. Mtu asiyepewa idhini haruhusiwi kumwuzia mwingine tikiti ya mpira wa miguu, hata kwa bei ile ile iliyoandikwa. Msomaji atauliza: kwa nini hata kwa bei ile ile? Ni kwa sababu tuliyoiona Brussels. Sheria hiyo haikutungwa kwanza kwa ajili ya fedha. Ilitungwa ili watu wa pande mbili wasichanganyike. Nayo humwadhibu auzaye, si anunuaye.

Ubelgiji ilitunga sheria yake tarehe 30 Julai 2013. Sheria hiyo yakataza mtu kufanya kazi ya kuuza tena tikiti za michezo na sherehe. Na hata mtu auzaye tikiti yake mara moja tu, kwa kuwa amepata udhuru, haruhusiwi kuipandisha bei. Ireland ilifuata mwaka 2021, ikakataza kuuza tena kwa bei kubwa kuliko ya kwanza katika kumbi na viwanja vikubwa vilivyotajwa na serikali.

Hata hivyo, wakuu wa mpira wenyewe hawana mikono safi sikuzote. Kwa ajili ya Kombe la Dunia la mwaka 2026, shirikisho la dunia, FIFA, lilifungua soko lake la kuuza tena tikiti, likajitwalia asilimia 15 kwa anunuaye na asilimia 15 kwa auzaye. Mtu aweza kuuliza kwa haki: ikiwa kijana wa mlangoni hufukuzwa na polisi, kwa nini mkubwa afanye biashara inayofanana nayo akiwa ofisini? Swali hilo ni jema, na wapenzi wa mpira wa nchi nyingi wameliuliza. Lakini kosa la mkubwa halimtakasi mdogo.

Tikiti za uongo

Sasa tufike kwenye hatari iliyo kubwa kuliko zote. Tikiti ya kweli ikiuzwa ghali, umepoteza fedha. Tikiti ya uongo huharibu pia hesabu ya watu. Kiwanja chenye nafasi elfu arobaini kikipokea watu elfu hamsini, hakitanuki.

Tarehe 16 Oktoba 1996, mjini Guatemala, timu ya Guatemala ilikuwa icheze na Costa Rica katika kutafuta nafasi ya Kombe la Dunia. Watu walikuja wengi mno. Baadaye FIFA ilieleza kwamba tikiti za bandia zilikuwa zimeuzwa, hata wenye kushika karatasi wakawa wengi kuliko nafasi. Kabla ya mchezo watu wa juu waliwasukuma wa chini, wakaangukiana kwenye ngazi. Walikufa zaidi ya watu 80, na wengi wakaumia. Waliokufa walikuwa ndani.  Hapo ndipo uonekanapo ubaya wa tikiti ya bandia: yeye aliyeinunua kwa bei nafuu aweza kurudi nyumbani salama, na jirani yake aliyelipa kwa uaminifu asirudi.

Lakini tujihadhari pia na wakuu wanaomtupia mlanguzi kila kosa. Tarehe 28 Mei 2022, karibu na Paris, Liverpool ilicheza na Real Madrid. Maelfu ya watu wenye tikiti halali walisongamana nje kwa saa nyingi, na polisi wakawatupia moshi wa kutoa machozi, na watoto wakiwamo. Serikali ya Ufaransa ilisema kwamba watu 30,000 hata 40,000 walikuja bila tikiti au na tikiti za uongo. Lakini tikiti za bandia zilizogunduliwa milangoni zilikuwa 2,600 hivi, na mwaka 2023 wachunguzi waliowekwa na shirikisho la Ulaya, UEFA, walitamka kwamba UEFA yenyewe ndiyo iliyokuwa na daraka la kwanza. Basi mlanguzi ana kosa lake, na mwenye kiwanja ana lake. Asiyefungua milango ya kutosha asijifiche nyuma ya mlanguzi.

Hesabu ya nyumbani

Wazazi wapenzi, tufanye hesabu ndogo. Tuseme tikiti imeandikwa franka 5,000, na baba ataka kwenda na wanawe wawili. Dirishani atalipa 15,000. Mlanguzi ataka 15,000 kwa kila moja, maana yake 45,000. Tofauti ni franka 30,000. Fedha hizo zingenunua unga, au madaftari, au dawa. Mama wa nyumbani hakuulizwa, ingawa ndiye atakayeona sufuria ikipungua.

Tena fikirini jambo hili. Baba amelipa zile 45,000. Wanafika mlangoni, na mashine yasema: tikiti mbili ni njema, ya tatu imekwisha tumika. Nani abaki nje? Baba amwache mtoto peke yake katikati ya umati? Au awaache watoto waingie peke yao? Au tikiti zote ni za kweli, lakini moja ni ya upande wa mashariki na mbili za magharibi. Kukitokea fujo, atawatafuta wapi wanawe? Mlanguzi wakati huo hayupo tena. Hana duka, hana jina, hana hati ya malipo.

Basi, yafaa kila mpenzi wa mpira ashike mambo machache.

Nunua mapema, dirishani au kwa wakala aliyetangazwa na chama chenyewe. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Usiamini karatasi kwa sababu ina rangi nzuri na muhuri. Tikiti nyingi za leo zina alama ya mistari isomwayo na mashine. Alama hiyo yaweza kunakiliwa mara kumi, na mtu wa kwanza kufika ndiye atakayeingia. Kwa hiyo pia, usimwonyeshe mtu tikiti yako wala kupiga picha yake na kuituma kwa rafiki kwa simu.

Ikiwa wewe mwenyewe umepata udhuru, mpe au mwuzie ndugu au rafiki unayemjua kwa bei uliyolipa, panaporuhusiwa. Usimpe mlanguzi chakula cha kesho.

Nanyi vijana mnaosimama mstarini kwa kulipwa na bwana asiyeonekana, jiulizeni: fedha kidogo mnayopata leo, kaka zenu watailipa mara tatu kesho mlangoni.

Nanyi viongozi wa vyama, fungueni madirisha mengi, wekeni saa za jioni kwa ajili ya wafanyakazi, hesabuni tikiti za bure mnazozitoa, na mtangaze wazi zilipokwisha. Pasipo na siri, mlanguzi hapati mahali pa kukaa.

Na tikiti zikiisha, je? Basi zimekwisha. Kuna radio, kuna televisheni ya jirani, na kuna mpira mwingine Jumapili ijayo. Wazee walisema: tamaa mbele, mauti nyuma. Mchezo ni furaha, na furaha njema ni ile ambayo baba na wanawe huirudisha nyumbani jioni wote wakiwa wazima, wakibishana njiani juu ya bao lililokataliwa, na mama akiwangojea na chakula.